Sauti Yangu Itaamka Nami

Binti yangu aliniambia niweke mkono wa kulia kifuani, nivute pumzi polepole, halafu niseme, "Mimi niko salama." Nikamuuliza, nani amesema? Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo umeegemea ukuta, kwa sababu siku hizo nilikuwa siwezi kulala chali bila shingo yangu kunikaba. Mtu anayekabwa na shingo yake mwenyewe hana haki ya kujitangaza kuwa salama.

Uvimbe ule wa shingoni nilikuwa nimekaa nao miaka mingi. Mama yangu alikuwa na wake, shangazi yangu pia, na kwetu tulikuwa tunaufunika kwa kitambaa tu na maisha yanaendelea. Lakini wangu uliacha kukua kwa nje ukaanza kukua kwenda ndani. Nikawa nalala nimekaa. Nikipanda mteremko na kikapu cha majani chai mgongoni, pumzi yangu inapiga mluzi. Binti yangu, ambaye anasomea ualimu chuoni Kabianga, alikuja nyumbani likizo, akausikiliza huo mluzi chakula chote cha jioni, na asubuhi akanivuta hospitalini bila kuniuliza. Mgonjwa haulizwi uji, akasema.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mpole, na mimi upole wa daktari huniogopesha kuliko ukali wake. Daktari anayekukaripia anajua utapona. Huyu aliniambia uvimbe unabana njia ya hewa na lazima utolewe. Kisha akaniambia nyuma yake kuna mshipa mwembamba kama uzi wa kushonea, na mshipa huo ndio unaobeba sauti.

"Tutajitahidi tusiuguse, mama," akasema. "Lakini wakati mwingine unaguswa. Sauti inaweza kupotea kwa muda. Mara chache, inapotea kabisa."

Nikamwuliza mara chache ni mara ngapi. Akasema hawezi kuniahidi. Nikamwuliza kama kuna njia nyingine. Akasema hakuna. Basi tukatazamana, yeye na mikono yake safi, mimi na shingo yangu.

Mimi si mwimbaji. Kanisani nakaa nyuma na nyimbo naziharibu kama watu wengine wote. Sauti yangu ilikuwa na kazi nyingine. Mume wangu haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya mwanga kidogo kidogo, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka akabaki na kijivu tu. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya chai, mtu aliyezoea kukaa juu na kuona mbali, na fimbo nyeupe aliyopewa kliniki aliiweka juu ya kabati akasema hiyo ni ya vipofu. "Mimi nina mke," akasema.

Kwa hiyo mke ndiye aliyekuwa fimbo. Akitoka mlangoni mimi nipo jikoni naita, "Ndoo iko mbele yako, pita kushoto." Akielekea kwenye zizi mimi nipo katikati ya chai, majani yananifika kiunoni, naita, "Mtaro huo, ruka." Sikuhitaji hata kumwelekeza kila mara. Nikiwa napiga kelele tu, namgombeza kuku au nabishana na jirani ng'ambo ya ua, yeye anajua nyumba iko upande gani. Alinisikiliza akatembea. Siku nikinyamaza alisimama pale alipo, mikono imening'inia, akasubiri. Nilikuwa namlaumu kwa hilo, nikimwambia ana miguu na mikono na akili, achukue ile fimbo. Alikuwa ananijibu kwamba fimbo haipiki.

Nyumbani tunaongea Kiswahili. Yeye ni Mkipsigis wa hapa Sotik, mimi nimetoka upande wa Kisii, ng'ambo ya mpaka, na tulipooana kila mmoja alikataa kujifunza lugha ya mwenzake kwa sababu ya kiburi. Tukakutana kwenye Kiswahili ambacho kila mmoja anakivunja kwa namna yake. Kwake biskuti ni piskuti mpaka kesho. Kwangu mimi, anasema, hata nikiomba chumvi nasikika kama natangaza vita. Tumeishi hivyo miaka mingi, tukichekana, na watoto wetu wanazungumza lugha zote tatu na kutuonea huruma.

Basi hizo sentensi. Binti yangu alizipata chuoni, kwenye somo la kushauri wanafunzi wenye hofu, na nyingine kwenye simu, kutoka kwa mwanamke fulani mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Mwili wangu unajua kupona. Mikono itakayonishika ni mikono mizuri. Alinifundisha kama mtoto anavyofundishwa alfabeti, akiniambia hofu haifukuzwi kwa fimbo, inatulizwa. Nilimuuliza kama maombi hayatoshi. Akasema niombe pia, hakuna aliyenikataza, lakini maombi ni ya kumwambia Mungu na haya ni ya kujiambia mwenyewe. Nikamwambia mimi mwenyewe najijua, sidanganyiki kirahisi.

Nilizikataa karibu zote. Ile ya mwili unaojua kupona niliikataa kwa sababu mwili huo huo ndio uliotengeneza uvimbe. Ile ya mikono mizuri niliikubali kwa shingo upande, kwa kuwa ile mikono nilikuwa nimeiona. Mwishowe akachoka na ubishi wangu, akaniambia, "Sawa mama, wewe unaogopa nini hasa?" Nikamwambia sauti. Akatazama nje ambako baba yake alikuwa anapapasa ukingo wa tangi la maji, halafu akanitungia yangu peke yangu: Sauti yangu itaamka nami.

Hiyo sikuipinga. Nilitaka iwe kweli kiasi kwamba sikuwa na nguvu ya kuikosoa.

Nikaanza kuisema shambani. Kuchuma chai kuna mwendo wake. Mikono miwili inakwenda juu ya kichaka, inakata majani mawili na chipukizi, inatupa nyuma kikapuni, na kichwa kinabaki hakina kazi. Mwendo huo ndio nilioupachikia zile sentensi. Niko salama, kata, tupa. Mikono mizuri, kata, tupa. Mwanamke tuliyemwajiri kutusaidia kuchuma alikuwa mstari wa pili, na kila nikimaliza anasema "Amina" kwa sauti, maana alidhani niko kwenye maombi. Sikumsahihisha. Nilihitaji kila kilichopatikana.

Mume wangu naye alisikia. Siku moja alisimama ukingoni mwa shamba, kichwa kimeinama upande kama kawaida yake, akaniuliza, "Unaongea na nani huko?"

"Na mimi mwenyewe."

"Na wewe mwenyewe unakujibu nini?"

"Bado hajajibu," nikasema.

Akacheka. Alikuwa anajua habari ya mshipa; nilimweleza siku ile ile tuliyotoka kwa daktari, na alichosema ni kwamba madaktari hupenda kutisha watu. Lakini tangu siku hiyo akaanza kutembea karibu na ukuta. Nilimwona anahesabu milango kwa vidole wakati anadhani niko mbali. Niliumia sana kumwona, na sikumwambia, kwa kuwa ningemwambia nini?

Siku ya kwanza ya kupasuliwa ilifika. Nilikuwa nimeambiwa tangu jana yake nisile kitu na nisinywe maji. Sikula. Maji sikuyagusa, hata ya kusukutua niliyatema kwa uangalifu mkubwa. Alfajiri mume wangu akaniletea chai.

Lazima niieleze hiyo chai, kwa sababu asiye wa huku atatuona wajinga. Tangu macho yalipomwisha, chai ya asubuhi ni kazi yake na hairuhusu mtu mwingine kuigusa. Anapima maziwa kwa kidole, anasikiliza sufuria inavyonguruma ndipo atie majani, na anajua imeiva kwa harufu. Huku kwetu hakuna mtu anayetoka nyumbani bila chai, hata anayekwenda kuzika. Mgeni akija akaambiwa "hakuna chakula, kunywa chai tu," amekwenda na njaa na hakuna aliyeona ajabu. Chai haihesabiwi. Si chakula, na Mungu anisamehe, wala si maji. Niliishika chai ile kwa mikono miwili, yenye maziwa ya ng'ombe wetu na sukari ya kutosha, nikainywa yote huku nikijiambia niko salama, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mchezo ule niliamini.

Hospitalini nesi akanivalisha gauni la kijani lililofungwa nyuma, akaanza maswali.

"Umekula, mama?"

"Sijakula."

"Umekunywa maji?"

"Hata tone."

"Hakuna kitu kingine umeweka kwa mdomo?"

"Hakuna, sista. Chai tu."

Kalamu yake ilisimama. "Chai tu," akarudia. "Ya maziwa?"

Nikamwambia ndiyo, sisi tuna ng'ombe. Nilimwambia kwa fahari, fikiria. Akaita mwenzake, mwenzake akaita daktari wa usingizi, na daktari wa usingizi, mzee mwenye macho mekundu, akaja akanitazama kama anayemtazama mtu wa elfu aliyefanya hivyo. "Nyinyi watu wa chai," akasema. "Mtakuja kufa na kikombe mkononi." Akanieleza kwamba tumbo lenye maziwa likilazwa usingizi linaweza kurudisha yote juu, yakaingia kwenye mapafu. Nikavuliwa gauni. Daktari mpole alikuwa anakuja hospitali ile kwa zamu, kwa hiyo nikaambiwa nisubiri mpaka atakapokuja tena.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu iliniumiza shingo. Wiki zile zilikuwa mbaya kuliko zote. Ushujaa nilioukusanya kwa sentensi zangu niliutumia wote siku ile, na ukirudi na ushujaa uliotumika, hauwaki tena. Niliporudi kwenye mistari ya chai nikasema "Mimi niko salama," nikasikia upuuzi mtupu. Ilinibidi nianze mwanzo, kama mtu aliyepalilia shamba zima mvua ya mawe ikaja ikalilaza. Mume wangu naye alikuwa amejikunja. Alinipikia chai mbaya wiki nzima, ya kuungua, mkono wake umepoteza imani. Nilimwambia si kosa lake, sote wawili tulikunywa ujinga mmoja. Akasema anajua. Chai ikaendelea kuungua.

Mara ya pili hakuna moto uliowashwa nyumbani kwangu. Akina mama wa kanisa walikuja alfajiri kuniombea kabla sijaondoka, na wakakaa kwenye viti vyangu bila kikombe mkononi, jambo ambalo halijawahi kutokea chini ya paa lile. Hawakujua waweke wapi mikono yao. Mmoja aliomba kwa haraka sana, kiu imemshika. Mume wangu alisimama mlangoni nikapita mbele yake, na sikujua nimwambie nini, ndipo nikamwambia kuna ngazi hapo mbele. Akasema, "Najua ngazi yangu." Kisha akasema, "Sema kitu kingine." Nikamwambia asimwache ng'ombe bila maji. Gari lilikuwa linatungoja, na hayo ndiyo niliyomwachia.

Watu hunidai nieleze kule ndani kulivyokuwa. Kulikuwa baridi. Nililazwa kwenye kitanda chenye magurudumu nikasukumwa, na mtu anayesukumwa chali haoni anakokwenda, anaona taa tu zikimpita. Nilifikiria mume wangu, kwamba hivi ndivyo anavyoishi, akipelekwa. Niliweka mkono kifuani nitafute zile sentensi, nikakuta zimekimbia zote. Nilizisema shambani mamia ya mara, nilizisema nikikamua, nilizisema nikimenya viazi vya wageni siku ya Krismasi, na sasa nilipata neno moja tu. Mimi. Mimi. Mimi. Nesi akadhani naita mtu. Akanishika mkono, akaniambia, "Tuko na wewe, mama," na mkono wake ulikuwa wa joto, na hapo moja ikarudi. Wakaniwekea kitu usoni. Nikaisema kwa haraka kabla hawajanifunga, na niliisema kwa sauti kubwa, sauti yangu ile ya kutangaza vita. Sauti yangu ita—

Niliamka wodini nikiwa na kiu na koo la moto. Bandeji ilizunguka shingo, na mrija mwembamba ulitoka ubavuni mwa bandeji ukiteremka kwenye chupa. Mwili ulikuwa umeamka, hilo nililijua. Nilimwona nesi anapita nikataka kumwita. Nilifungua mdomo, nikasukuma, na kilichotoka ni upepo. Nikasukuma tena. Upepo, kama wa mtu anayepuliza jiko.

Daktari alikuja akakaa kando ya kitanda, na alipokaa nikajua. Akasema mshipa ulikuwa umegandana na uvimbe, akalazimika kuubandua polepole sana. Haukukatika, akasema. Lakini umechoka. Unaweza kuamka, unaweza usiamke, tusubiri. Pumzi itakuwa nzuri sasa, akaniambia, na ilikuwa kweli, hewa iliingia kwangu kama mlango umefunguliwa. Nilikuwa na hewa yote niliyoikosa miaka ile na sikuwa na kitu cha kufanya nayo. Nililia bila sauti. Kumbe kilio bila sauti hakimalizi kitu. Unaendelea kujaa tu.

Binti yangu alikuja jioni hiyo. Alipoelewa alikaa kwenye kitanda, akauweka mkono wangu kifuani pangu kwa mkono wake, akaanza kunisemea. "Mimi niko salama. Mwili wangu unajua kupona." Alikuwa analia huku anasema. Alipofika ile aliyonitungia akairuka, na mimi nikamwona anairuka. Nilimpenda mtoto yule, na nilitamani kumrushia kikombe. Akaniambia nizisemee moyoni. Nilijaribu. Moyoni zilikuwa maneno tu, hazikuwa na mikono wala mwendo, na sikujua ni nani anayemwambia nani.

Alipoondoka alisema kesho atamleta baba yake. Nikatikisa kichwa kukataa. Alidhani nakataa kwa sababu ya maumivu, akanibusu akaenda.

Kesho yake mchana mvua ikaja, ile yetu ya kila siku mchana, lakini na mawe. Ilipiga mabati mpaka hakuna aliyesikia mwenzake, kwa hiyo kwa kitambo wodi nzima ilikuwa sawa na mimi. Maji yakaanza kudondoka kutoka darini juu ya miguu yangu. Wauguzi wakaja wakanisukuma, kitanda na chupa na yote, mpaka upande wa pili chini ya dirisha. Mvua ilipokatika wakapangusa sakafu, wakaweka ndoo pale penye uvujaji, na katika kupangapanga wakasogeza kitanda cha mwanamke mwingine karibu na mahali nilipokuwa mwanzo, kikawa ndicho cha pili kutoka mlangoni. Alikuwa mama wa upande wetu wa Kisii, wa umri wangu, aliyetolewa mawe ya nyongo. Tulikuwa tumesalimiana kwa macho. Alikuwa amelala.

Ndipo mume wangu akaingia peke yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba nesi alimsimamisha binti yetu mezani kumweleza habari ya dawa, na mzee hakutaka kungoja. Binti alikuwa ameshamwambia njiani: kitanda cha pili, mkono wa kushoto; habari ya sauti hakuweza kumwambia. Alivaa koti lake la Jumapili. Alikuja akishika vyuma vya vitanda, cha kwanza, cha pili, uso ameuinua kama anayenusa, na alipofika cha pili akasimama. Akapapasa mpaka akapata mkono juu ya blanketi. Akaushika. Akavuta kiti kwa mguu akakaa, mgongo wake umenigeukia mimi.

Niliita. Mdomo wangu ulifunguka mpaka bandeji ikavuta, na upepo ukatoka. Kati yetu palikuwa na nafasi ya kupita toroli ya chakula.

"Mama Watoto," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuja. Huyu msichana ameniambia usiongeleshwe sana."

Nilijaribu kuinuka. Mrija ulinivuta, wodi ikazunguka, nikaangukia tena mto wa kitanda. Nikachukua kijiko kwenye kabati dogo la kitandani nikagonga chuma. Nikagonga tena. Mume wangu aligeuza kichwa kidogo, akasikiliza.

"Kuna mgonjwa hapo anateseka, maskini," akamwambia yule mama aliyelala. "Mungu amsaidie." Akasubiri mpaka nikachoka kugonga. Kisha akasema mambo ambayo hakuwahi kuniambia. Alisema jana alianguka mtaroni. Alisema si mtaro mkubwa, asimwambie mtoto. Alisema alisimama kwenye zizi hajui nyumba iko wapi, na ng'ombe walikuwa kimya, na akaogopa, yeye, mtu mzima aliyepita jandoni bila kupepesa jicho. "Nilikuwa nasema madaktari wanatisha watu," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa natishika. Nilikuwa nasikiliza yale maneno yako kule kwa chai, na mimi nayasema huku. Mimi sikuwa nasema niko salama. Nilikuwa nasema, daktari, usimguse mshipa."

Alikuwa anaubonyeza ule mkono, na mwenye mkono akafungua macho. Alimwona mzee asiyemjua, na machozi yanamtoka kwenye macho yasiyoona. Alitaka kuuvuta mkono, nilimwona. Kisha akainua macho juu ya bega lake akaniona mimi, nimekaa nusu, kijiko mkononi, mdomo wazi, na naona akaelewa yote kwa mara moja. Sisi wanawake wa umri ule tunaelewana. Nilimfanyia ishara: mwambie. Nilimwonyesha kifua changu, kisha nikamwonyesha mume wangu. Mwambie ni mimi hapa.

"Mama Watoto," akasema mume wangu, "ni wewe?"

Yule mama alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini kwenye ishara zangu. Pengine alidhani namwomba hilo hasa alilolifanya. Pengine hakuweza tu kumwona mwanamume mzee akilia hivyo bila kujibiwa.

"Ni mimi, baba," akasema, kwa Kiswahili chetu cha Kisii. "Ni mimi. Tulia."

Mume wangu aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya ukingoni mwa shamba, akasikiliza mahali ile sauti ilipokuwa imepita. Ilikuwa nyembamba kuliko yangu, na laini. Nilisubiri aukatae ule mkono. Nilimwomba Mungu aukatae.

"Wamekubadilisha sauti," akasema. Akaupapasa mkono ule taratibu, kidole kwa kidole. "Haidhuru. Nitaizoea. Sema tena, niijifunze."

Yule mama akanitazama mimi, machozi yamemjaa na yeye, akasema tena, "Ni mimi, baba." Nami nikayasema maneno hayo pamoja naye, midomo tu.